Nilivyolipeleka Gurudumu la Mbele Posani Tosamaganga

Jamani, nimerudi. Mimi mzima, pikipiki nzima, na mshenga mzima, ingawa yeye anasema kiuno chake kimebaki Mafinga. Kila anayepita kwenye meza yangu ya spea pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, ananiuliza, "Mama Spea, ilikuwaje?" Nikimweleza huyu, anasikia nusu, anakwenda kutangaza ambayo sikuyasema. Sasa nimeandika mwenyewe, msome hapa, na atakayetaka kunicheka acheke akiwa ameshika plagi ya kununua.

Vikao vya ukoo naviruka, na barua iliandikwa mara ngapi nairuka pia. Mnachotakiwa kujua ni kwamba Lusajo ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea mimi tangu akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Sikuzaa, na sijawahi kulia kwa sababu hiyo, kwa kuwa yeye alikuwepo. Sasa amempata Vumilia, binti wa Kihehe, nyumbani kwao ni jirani na Tosamaganga, Iringa, na kijana wangu amekonda kwa mapenzi mpaka mkanda wa suruali ameutoboa tundu jipya.

Mara ya kwanza ndugu zangu walipeleka barua ya posa, miadi ilikuwa saa nne asubuhi, wao wakafika saa nane mchana wakiwa wamebeba parachichi za kuombea radhi. Wakakuta wazee wametawanyika. Barua ikarudi Mbeya. Mara hii Baba Vumilia akatuma neno moja: Jumamosi, saa nne, na shangazi wa kijana awepo, maana posa bila shangazi haipokelewi kwake. Ikipita saa nne tusihangaike tena.

Shangazi huyo ni mimi.

Mwanjelwa: chupa mbili mbele, chupa mbili nyuma

Ndugu zangu walitangulia Alhamisi na Kosta. Kaka Anyosisye, mkubwa wetu, alinivuta pembeni kabla ya kupanda. "Tusekile, nisikilize. Uje na basi kesho, uvae kitenge na kilemba, uonekane mama wa heshima. Habari za spea usizitaje. Tumewaambia wewe ni mfanyabiashara." Nikamwuliza kwani mimi si mfanyabiashara? Akasema, "Unanielewa." Nilimwelewa sana, na ikaniuma, lakini kwa ajili ya Lusajo nikanyamaza.

Mabasi yalikuwepo. Nasema mwenyewe kabla hamjasema. Ila mnakumbuka maneno ya Baba Neema. Miezi yote hii nauza ile dawa ya tairi, ule uji wa kijani unaoumimina ndani ya tyubu kupitia kwenye valvu, msumari ukiingia unajiziba wenyewe. Baba Neema anaziba pancha hatua tano kutoka kwangu, na amewaambia wateja wangu wote kwamba ni sabuni ya vyombo iliyotiwa rangi. Jumatano akasema mbele ya watu, "Kama kweli ni dawa, si uende nayo Iringa?" Nikajibu kwamba nakwenda, tena posani, tena nimempakia mshenga. Mdomo wangu huu ungekuwa na breki ningekuwa mbali kimaisha.

Mshenga wetu ni Mwalimu Asajile, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Alibaki nyuma kwa sababu ya mazishi. Nilipomwambia tunakwenda kwa usafiri wangu, alishukuru sana, akidhani nina gari.

Alhamisi jioni nikaanza kazi. Kwenye chupa ya dawa kuna maandishi ya kipimo, madogo, na miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani. Nikafikiri: safari ni ndefu, dozi iwe ndefu. Nikamimina chupa mbili mbele na mbili nyuma. Halafu nikabalansi gurudumu la mbele. Kwa wasiojua, unasimamisha pikipiki kwa stendi ya kati, unalizungusha gurudumu polepole, unaliacha lisimame lenyewe. Upande unaoishia chini ndio mzito. Basi kwenye spoki za juu, upande wa pili, unazungushia kipande cha waya wa risasi, yale madini laini na mazito, ili pande zilingane. Nimewafanyia wateja wengi.

Nikazungusha. Upande wa valvu ukaja chini. Nikaweka risasi juu. Nikazungusha tena, ukaja chini upande mwingine kabisa. Nikaweka risasi. Mara ya tatu ukaja upande ambao sikuutegemea. Nikaweka tena, giza likaingia, nikatangaza kwamba gurudumu limekubali. Baba Neema alikuwa anakunja turubai lake. Alitazama, akatabasamu, akaenda zake, na hapo ndipo ningepaswa kuogopa.

Mwanjelwa hadi Igawa

Mwalimu alifika Ijumaa asubuhi amevaa koti la suti, na barua iko ndani ya faili la plastiki kifuani, chini ya koti. Aliitazama pikipiki muda mrefu.

"Tusekile, gari liko wapi?"

"Mwalimu, hili ndilo."

Akavua kofia, akaomba. Aliomba kwa ajili ya wasafiri wote wa nchi kavu, majini na angani, nikaona huyu anatafuta watu wa kufa nao. Kisha akapanda na kuweka sharti. "Barua hii naishika mimi peke yangu. Wewe mikono yako ni ya mafuta. Ikipata doa hata moja, wale watu watasema tumeifungia maandazi." Nikasema sawa.

Kabla hatujafika Uyole usukani ukaanza kutetemeka. Kwanza kidogo, halafu mpaka meno yangu yakagongana. Mwalimu akaanza pambio, na sauti yake ikawa inakatika vipande vipande. Tulipochanganya mwendo, mtetemo ukapungua. Nikamwambia, "Umeona? Dawa inaingia kwenye damu." Tukapunguza mwendo kupisha ng'ombe, ukarudi. Tukachanganya tena, ukapungua. Mpaka Chimala nilikuwa naogopa kusimama kuliko kukimbia, na Mwalimu alikuwa anaogopa vyote viwili.

Igawa tukala. Lazima niwaambie kuhusu wali ule, maana ni mpunga wa Mbarali wenyewe, umepikwa na mama mmoja kando ya barabara, unanukia mpaka malori yanapunguza mwendo. Nilikula sahani mbili. Mwalimu hakukaa, alikula amesimama, kwa sababu za mwili.

Hapo jirani kulikuwa na fundi, mtu mzima mwenye kofia ya sufi juani. Hata sijamaliza kueleza, ameshasimamisha pikipiki na kuzungusha gurudumu. Likasimama. Akagusa sehemu ya chini kama daktari anayegusa ini.

"Hapa. Huyu aliyekufungia risasi huko Mbeya amekukomoa. Nani huyo?"

"Mtu fulani tu," nikasema.

"Hajui kazi. Usirudi tena kwake."

Nikamwahidi sitarudi. Akafunga risasi mbili zake juu ya zangu tatu, akatuaga kwa baraka, kisha akamwuliza Mwalimu kama mkutano wa injili utakuwa kijiji gani. Lile faili kifuani lilimfanya atudhanie wahubiri. Mwalimu hakumkatalia, akamwombea na biashara yake.

Igawa hadi Makambako

Tulipoondoka Igawa ilikuwa mbaya kuliko tulivyofika. Halafu, baada ya mwendo mrefu kidogo, ikatulia kiasi, halafu ikaanza mtetemo wa aina nyingine, wa haraka haraka, wa kuwasha viganja. Upepo wa kupanda Makambako mnaujua. Malori ya kwenda Tunduma yakipita upande wa pili yanakuchapa kofi la hewa, na nyuma yangu mzee mzima amenishika mabega mpaka kucha zinaingia. Nikasema moyoni, Tusekile, ulikuwa na nauli ya basi mfukoni.

Makambako watu ni wakarimu sana wa ushauri. Nilisimama kununua chai na viazi vya kuchemsha kwa mama mmoja wa Kibena, na kabla sijamaliza kikombe nilikuwa na madaktari sita. Wa kwanza akasema ni beringi. Wa pili akasema shokapu za mbele. Mwingine akasema barabara ndiyo mbovu, pikipiki haina kosa. Mama wa viazi alisema tumekosana na mtu huko tulikotoka, na kwa kweli nilimfikiria Baba Neema.

Fundi wa pale alikuwa kijana nadhifu aliyeongea taratibu. Alihesabu risasi zangu tano, akacheka hadi akashika kiti. "Igawa hawajui balansi. Wanakisia." Akazungusha gurudumu, akasubiri lisimame, akagusa sehemu ya chini, akafunga risasi nne za kwake. Za zamani akaziacha, eti akizitoa tutapoteza historia ya ugonjwa. Alipoona bado hajaridhika akahamia kwa Mwalimu.

"Mzee, ukikaa unaegemea kushoto."

"Siegemei popote," Mwalimu akasema.

"Mfuko wa kushoto una nini?"

Ulikuwa na Biblia na kitabu cha nyimbo. Yule fundi akaokota mawe mawili, akayapima mkononi kwa makini, akayatia kwenye mfuko wa kulia wa koti la suti. Jamani, mzee wa kanisa, mshenga wa ukoo mzima, alitoka Makambako amebalansiwa kwa mawe, na hakuyatoa. Nilipomwuliza baadaye kwa nini, akasema, "Nilihisi nafuu."

Mafinga

Tulipofika Mafinga, jua lilikuwa linazama na baridi imeshaanza kuuma masikio. Nikaona tulale, asubuhi tumalizie. Kutoka hapo mpaka Tosamaganga ni mwendo wa saa moja na kitu kwa mtu mwenye gurudumu la kawaida.

Kwenye nyumba ya wageni, dada wa mapokezi alituangalia tulivyojaa vumbi, akauliza, "Baba na mama, chumba kimoja?"

Mwalimu akashtuka. "Vyumba viwili! Mimi ni mshenga. Nimebeba barua ya posa." Akafungua koti kidogo kumwonyesha lile faili.

Dada yule akanigeukia, uso umejaa furaha. "Hongera sana, dada! Mungu hamsahau mtu, hata kwa umri wowote." Akawaita wenzake kutoka jikoni waje kumwona bibi harusi anayejipeleka mwenyewe kwa pikipiki. Nilijaribu kueleza. Walivyozidi kunipongeza nikachoka, nikapokea. Waliniletea ugali moto na maharage yaliyoungwa vizuri, na chai ya tangawizi ya zawadi. Mpaka leo kuna watu Mafinga wananiombea ndoa yangu.

Kaka Anyosisye akapiga simu. "Umefika Iringa?"

"Nipo Mafinga."

"Basi limeharibika?"

Nikaanza kumweleza baridi ya Mafinga. Akaelewa. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema kwa sauti ndogo, "Tuse, mtoto hajala tangu asubuhi. Anauliza kila baada ya muda, shangazi amefika? Kesho usipokuwepo mimi nitamwambia nini?" Akakata.

Nilikaa kitandani nikalia. Si kwa sababu ya mtetemo. Nililia kwa sababu nilijua kabisa kwamba nimeiweka posa ya mtoto wangu juu ya ubishi na fundi wa pancha, na sikuwa na wa kumlaumu hata nilipojaribu.

Mafinga hadi njia panda ya Tosamaganga

Asubuhi, baada ya pikipiki kusimama usiku kucha kwenye baridi, ilikuwa janga. Hata sijatoka getini usukani ulinirusha pembeni. Dada wa mapokezi alikuwa anapunga mkono, akaacha kupunga.

Nikasimamisha pikipiki hapo hapo, nikazungusha gurudumu, nikaona lilipokuja chini, nikafunga risasi mbili za mwisho nilizokuwa nazo. Zikawa kumi na moja. Spoki zilikuwa zimevaa risasi pande zote, mtu angedhani ni urembo. Na bado, jamani, haikunijia akilini. Miaka yote nauza vifaa vya pikipiki, nashauri watu, nawacheka wanaonunua plagi isiyo yao, na haikunijia.

Tuliondoka tukiwa na ukungu mbele na saa nyuma yetu. Kila nilipochanganya mwendo ukungu ulinizuia, na kila nilipopunguza gurudumu lilinipiga. Ifunda tukaipita. Mwalimu alikuwa hataji tena barua, amejishika kifua tu. Hata njaa sikuisikia, mimi ambaye sijawahi kupita mahindi ya kuchoma bila kusimama.

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Ningeificha pikipiki kwenye nyumba yoyote karibu na njia panda, nibadilishe nguo, nivae kitenge na kilemba, kisha tutembee tukiwa tumetakata, na nyumbani kwa Baba Vumilia wadhani tumeshuka kwenye gari. Tulipofika njia panda nikatazama simu. Ilikuwa saa nne na dakika mbili.

Mwalimu akasema, "Tusekile, hakuna kubadilisha nguo. Twende." Ndiye aliyekuwa mwoga siku zote mbili. Nikageuza pikipiki kuingia barabara ya vumbi.

Uani kwa Baba Vumilia

Nyumba yao iko chini ya kilima kidogo. Uani walikuwa wamekaa pande mbili, ndugu zangu huku, wenyeji kule, katikati meza yenye kitambaa cheupe, na ukutani kwenye baraza imetundikwa saa kubwa. Akina mama walikuwa jikoni. Nilishuka kile kilima kasi kuliko nilivyotaka, na gurudumu likaanza kugonga, na risasi moja ikachomoka kwenye spoki, ikaruka ikalia kwenye bati la jiko. Kuku wakatawanyika. Akina mama wakatoka na miko yao. Nikasimama katikati ya posa nikiwa na jaketi la vumbi na helmeti, na nyuma yangu mshenga mwenye mawe mfukoni akishuka mguu mmoja mmoja.

Kaka Anyosisye alikuwa anatazama viatu vyake. Lusajo alinitazama mimi, macho mekundu, akanipa tabasamu dogo ambalo lilinimaliza kabisa.

Mwalimu akasalimu. "Kamwene."

"Kamwene," wakaitikia, kwa adabu tu.

Baba Vumilia ni mzee mrefu, amenyooka. Akatazama saa ya ukutani. "Saa nne na dakika kumi na mbili." Kisha akanitazama mimi. "Na huyu ni nani? Tulimwomba shangazi wa kijana, mwanamke wa biashara. Hapa naona fundi."

Nilivua helmeti. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kupamba, sikuyaona tena. Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi. "Shikamoo, baba. Shangazi ndiye mimi. Nauza spea za pikipiki Mwanjelwa, na mikono yangu ni hii. Nimechelewa kwa ujinga wangu, si kwa dharau. Mtoto hana kosa. Kama ni adhabu, nipeni mimi."

"Marahaba," akasema. Mzee mmoja wa upande wao akakohoa, akasema neno likishatoka limetoka, saa nne ni saa nne. Mwingine akasema wageni wametoka mbali. Wakaanza kuzungumza Kihehe, kwa sauti za chini, na sikuhitaji mkalimani kujua kwamba tunazama.

Ndipo sauti ya kike ikatoka ndani ya nyumba, dirishani. "Baba! Hilo gurudumu lina maji ndani."

Binti anayeposwa hukaa ndani mpaka aitwe. Tulisikia shangazi zake wakimkaripia, "Vumilia! Kaa chini! Unataka kutuaibisha?" Halafu vurugu, mlango ukafunguka, akatoka. Kitenge kipya, kilemba kichwani, viatu hana. Akapiga magoti kwa wazee, akanipigia magoti na mimi, akanisalimu, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Shangazi, uliweka dawa kiasi gani?"

"Chupa mbili," nikasema.

"Mbele peke yake?"

"Na mbili nyuma."

Akafumba macho kidogo. "Na ukabalansi ukishaweka?"

"Ndiyo."

"Shangazi, nilipoona risasi pande zote nilijua ndani kuna maji, na maji hukaa chini. Ukizungusha gurudumu polepole likasimama, popote litakaposimama, dawa itashukia hapo, na wewe utaona hapo ndipo pazito. Ulikuwa unabalansi maji." Akakunja kitenge mpaka magotini. "Lile la nyuma limejaa vile vile, ila hukulifunga risasi, ndiyo maana uliweza kufika."

Jamani. Fundi wa Igawa, fundi wa Makambako, mimi mwenyewe, wote tulikuwa tunafukuza uji wa kijani kuzunguka gurudumu, kila mtu akimlaumu wa nyuma yake. Nilitaka ardhi ipasuke.

Lakini aliyetaka kuzama zaidi yangu alikuwa Baba Vumilia. Alikuwa amesimama, mikono imelegea. Kaka Anyosisye akainua uso kwa mara ya kwanza. "Mzee, mlituambia binti yupo kwenye kampuni ya usafirishaji."

"Yupo gereji," Lusajo akasema polepole. "Iringa mjini. Ni fundi mzuri kuliko wote pale." Kijana wangu alijua habari za pande zote mbili, na alikaa kimya kwa kuwaogopa wakubwa wa pande zote mbili.

Baba Vumilia akasema, bila kumtazama mtu, "Nilidhani ninyi watu wa mjini hamtampokea mtoto wa kike anayelala chini ya magari."

Kwenye kona ya baraza alikuwa amekaa bibi wa nyumba ile, mama yake Baba Vumilia, ambaye mpaka hapo nilidhani amesinzia. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. "Kwa hiyo wote mlikuwa mnafichana grisi," akasema. "Na wewe, mwanangu, ile saa yako iko mbele. Irekebishe."

Simu yangu ilisema vingine, lakini sikuitoa mfukoni. Baba Vumilia akaitazama saa. Akatutazama. Kisha mzee yule aliyenyooka akaburuta kiti, akapanda, akaishusha saa ya ukutani, akarudisha mishale nyuma kwa kidole mbele ya wazee wote, akaitundika tena. "Saa nne kamili," akasema. "Wageni karibuni."

Mimi nililia wazi wazi, na sikujali nani ananiona.

Sasa mngetegemea tukae mezani. Hatukukaa. Vumilia alishaomba spana. Wakati wazee wanapanga viti upya, mimi na yeye tulikuwa chini, tumelala kwenye vumbi, kilemba chake kichwani, changu bado kiko ndani ya mfuko wa nailoni. Alikata risasi zote. Akatoa tyubu ya mbele, akaikamua dawa kupitia kwenye valvu mpaka ikabaki kikombe kimoja cha chai, akapima kwa kikombe kweli. Kwenye tairi tulikuta misumari mitatu, na yote ilikuwa imezibwa. Mwambieni Baba Neema misumari ninayo, nimeiweka juu ya meza, aje aihesabu. Dawa haikuwa na kosa. Mwenye kosa ni mimi niliyeimimina bila miwani. Unabalansi kwanza, gurudumu likiwa kavu, halafu unaweka dawa kwa kipimo. Tangu nirudi namwambia hivyo kila mteja, hata asiyeuliza.

Tulipokuwa tunakaza nati ya mwisho, Mwalimu akaita kwa sauti rasmi. Amesimama katikati, mawe ameshayatoa, faili mkononi. Kwa desturi ya pale, binti huulizwa mbele ya wote kama anawafahamu wageni. Akikubali, shangazi wa kijana anamkabidhi barua, naye anaipeleka kwa baba yake kwa mkono wake. Akiikataa barua, mnarudi nayo mlikotoka.

"Vumilia," baba yake akauliza, "wageni hawa unawafahamu?"

Akainuka, akafuta mikono kwenye kitenge kipya, ambacho hakikusaidia chochote. "Nawafahamu, baba. Barua ipokelewe."

Mwalimu Asajile alikuwa ameilinda bahasha ile kutoka Mwanjelwa, kwenye vumbi, kwenye ukungu, chini ya koti, bila doa. Alinitazama mikono. Akamtazama Vumilia mikono. Kisha akanipa, nami nikampa mkwe wangu, naye akampa baba yake.

Posa imekubaliwa, harusi mtaitwa. Bahasha wameihifadhi kwenye kabati la vyombo, na mbele yake kuna alama nyeusi ya dole gumba, nzuri kabisa, imetimia mistari yote. Wazee wa pande zote mbili waliikagua na miwani, na hakuna aliyeweza kusema kama ni langu au la Vumilia.